Agizo la Maziwa Lililokataa Kufutika

Aibu nyingine mtu huificha mpaka inaisha yenyewe kama kikohozi, lakini yangu ilishatangazwa kwenye vilima vyote vya juu ya Sake kabla sijapata hata nafasi ya kuifunika, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe, kwa utaratibu, maana huko sokoni wanaisimulia kwa kuongeza pikipiki (zilikuwa tano tu, si kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyoanguka).

Naitwa Neema, mwalimu wa hesabu za biashara. Siku za juma nafundisha sekondari, na Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mdogo wa parokia hapa Sake, nafundisha watu wazima jinsi ya kununua na kuuza sarafu za mtandaoni kwa simu. Wapo waliodhani nawafundisha kutajirika. Hapana. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwafundisha wasiliwe, kwa sababu mimi mwenyewe nilishaliwa, na aliyeumwa ndiye anayejua meno yalivyo.

Niwaeleze kidogo, msiogope, si jambo gumu. Kwenye soko la simu kuna orodha mbili: upande mmoja wanaotaka kununua, upande wa pili wanaotaka kuuza, kila mmoja na bei yake. Ukiona upande wa wanunuzi umejaa ghafla, moyo unakuambia bei itapanda, kimbia ununue kabla hujaachwa nyuma. Siku moja niliona agizo moja la kununua, kubwa kama ukuta wa kanisa, nikakimbia, nikanunua, na nilipomaliza tu ule ukuta ukatoweka. Haukuwa umenunua kitu. Mwenyewe aliuondoa. Alikuwa ameujenga ili sisi wadogo tukimbie, bei ipande, yeye atuuzie zake polepole upande wa pili, kisha abomoe ukuta wake wa moshi akalale. Kwenye masoko yenye wakaguzi mtu hupelekwa mahakamani kwa mchezo huo. Kwenye simu yangu hakupelekwa mtu popote, isipokuwa mimi, niliyepelekwa na mawazo mpaka kulipopambazuka.

Basi Jumamosi hiyo somo lilikuwa hilo. Nilishaeleza jinsi mnunuzi mkubwa wa kweli anavyoficha ukubwa wake, anakata agizo vipande vidogo vidogo, kama mtu anayehitaji magunia mengi ya viazi lakini hatangazi, anamtuma mtoto huku na shemeji kule, wauzaji wasije wakapandisha. Hilo walilielewa mara moja, hata walicheka, maana nusu ya darasa wananunua viazi hivyo. Lakini la ukuta wa moshi liliwakwama.

Papa Faustin, fundi wa pikipiki, aliyekaa mbele mikono ameikunja kifuani, alisema:

"Mwalimu, mimi nakataa. Muntu anaweka komande, hana mupango ya kununua, na bei inapanda? Bei iko mujinga?"

Wakacheka wote. Nikageukia ubao nichore zile orodha mbili, nikaweka mstari wa kwanza, na chaki ikaisha. Kipande cha mwisho kilikuwa kama punje ya mahindi, kikaniponyoka kwenye vidole na kuingia kwenye ufa wa sakafu. Kama kingebaki hata cha ukubwa wa ukucha, nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia.

Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo.

Sisi hapa tuna kundi la maziwa kwenye simu. Kila asubuhi wafugaji wa juu wanaandika wamekamua kiasi gani, wanunuzi wa Sake wanaandika wanataka bido ngapi (ile mitungi ya njano ya lita ishirini), na katika kuvutana huko bei ya siku inazaliwa. Ni soko kamili, lina orodha mbili kama lile la sarafu, tena darasa zima lilikuwamo. Nikasema: "Ngojeni niwaonyeshe." Nikaandika: *Natafuta bido ishirini za maziwa, asubuhi hii, ukumbi wa parokia, bei ya juu kuliko ya leteri. Mwalimu Neema.* (Leteri ni ile nyumba ya jibini inayonunua maziwa ya wafugaji. Jina na mahali niliviandika kwa sababu huwa nawafundisha watu kwamba agizo lisilo na anwani si agizo. Hata kudanganya nilidanganya kiualimu.)

Kabla mtu hajamaliza Baba Yetu, simu zikaanza kulia humo ndani kama kware. Bei ikapanda, ikapanda tena. Mama Riziki, anayeuza chai ya maziwa pale njia panda, akasimama na simu yake mkononi.

"Mwalimu! Muuzaji yangu amepandisha! Jana tulikuwa tumesikilizana!"

"Tulia, mama, usinunue. Angalia sasa."

Nikafuta ujumbe wangu. Kwenye simu ya kila mmoja pakabaki yale maneno ya kijivu, kwamba ujumbe umefutwa. Bei ikasimama, ikasitasita kama mbuzi mbele ya daraja, ikarudi chini. Papa Faustin akakunjua mikono.

"Ah! Kumbe iko mujinga kweli!"

Wakanipigia makofi. Nami (niseme ukweli) niliinamisha kichwa kidogo kama mtu aliyeimba vizuri. Kisha nikawapa kanuni yangu ya mwisho, kwamba ukishatoka sokoni uzime simu, usikae ukilitazama soko kama mtu anayetazama sufuria ichemke, na ili wauone mfano, nikazima yangu hapo hapo, nikaitia mkobani.

Sasa kuna jambo ambalo sikulijua, nami ni mtoto wa hapa hapa bondeni, kilimani hupanda kwa ajili ya matanga tu. Kule juu kabisa kwenye malisho rezo, yaani mtandao wa simu, haishiki. Inashika kwenye jiwe moja, mahali pa kusimama mtu mmoja, na anayesimama hapo kila asubuhi ni Mama Bahati, mke wa Papa Bahati mwenye ng'ombe. Yeye anasoma kundi, halafu anakunja viganja mdomoni na kuita ng'ambo, zizi la pili linasikia, linaita la tatu, na hivyo neno linatembea mlima kwa mlima. Agizo langu alilisoma likiwa bado bichi. Alipomaliza kuliita alishuka kwenye jiwe akaenda kufunga vifuniko vya bido, na mimi nilipolifuta, nililifuta kwenye simu. Sauti haifutwi. Ilikuwa imeshavuka bonde la pili.

Somo lilipokaribia kwisha, nje kukaanza ngoma. Kanisani kulikuwa na ndoa, na maharusi walikuwa wanatoka, mashangazi mbele na vitenge vya sare, mjomba wa bwana harusi ameshika maikrofoni ambayo tangu asubuhi hakuna aliyefaulu kumnyang'anya. Na barabarani, kutoka upande wa Masisi, zikaja pikipiki tano zikifuatana, kila moja imefungwa bido ubavuni na mgongoni, mbele akiwa Papa Bahati na kofia yake pana na mabuti yamejaa tope. Zikaingia uwanjani katikati ya ngoma, zikapanga mstari mbele ya ukumbi.

Nyinyi mnajua maana ya maziwa kwenye ndoa ya watu wa ng'ombe: ndiyo heshima ya ukoo. Mashangazi walipiga vigelegele mpaka njiwa wakahama paa. Mjomba hakusita hata kidogo.

"Munaona? Munaona familia yetu? Banasema sisi ni batu ya maneno tu! Maziwa njo hii!"

Ngoma zikaongezwa. Mama wa bibi harusi alikuwa anafuta machozi. Papa Bahati aliteremka, akasubiri kelele zipungue, akamwambia mjomba kwa adabu:

"Papa, hiyo ndoa mimi sijue. Mungu aibariki. Mimi natafuta Mwalimu Neema. Alituma komande."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa ukumbi. Sitasema nilikuwa nimejificha, ila kama ningekuwa nimejificha, ningekuwa nimesimama vilevile.

"Mwalimu, toka," alininong'oneza Mama Riziki.

"Ngoja kidogo."

"Maziwa haingojake."

Papa Faustin naye akanisogelea, uso wa mtu anayejifunza. "Mwalimu, hii njo sehemu gani ya somo?"

Nikatoka. Njia kutoka mlangoni mpaka kwenye zile pikipiki ni fupi, nimeipita miaka yote, siku hiyo ilikuwa na urefu wake mwenyewe. Mjomba, akidhani nakuja kutoa zawadi kwa niaba ya upande wake, akanitia maikrofoni mkononi (ile ile iliyowashinda wote, mimi nilipewa bure). Mtu mwenye akili angesema maneno mawili: nimekosa, samahani. Lakini mimi nina ugonjwa wa kueleza. Nikaanza na orodha mbili. Nikaeleza upande wa wanunuzi na upande wa wauzaji, nikaeleza ukuta wa moshi, nilikuwa naelekea kwenye jinsi ya kutambua agizo la mashaka, kwamba ni lile linalokuja kubwa ghafla na kukimbia bei inapolikaribia, wakati mama mmoja wa jikoni alipopaza sauti kutoka nyuma:

"Mwalimu, fupisha! Muchele inapoa!"

Nikafupisha. Nikasema maziwa hayo sikuyahitaji, niliyaagiza ili kuonyesha darasa, na agizo nilishalifuta.

Papa Bahati hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kama anavyomtazama ndama asiyenyonya.

"Kwa hiyo haukuwa na njaa ya maziwa."

"Hapana, Papa."

"Ulikuwa unafundisha."

"Ndiyo, Papa."

"Na ngombe yangu njo ilikuwa chaki."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu mchezo huo wa maagizo, hakuna kilicholisema vizuri hivyo.

Akanieleza hali, taratibu, bila kupandisha sauti, na watu wote wa ndoa wakisikiliza. Maziwa yake ya kila siku huchukuliwa na leteri, ile nyumba ya jibini iliyo kwenye kona ya barabara ya juu. Leo aliliambia gari lao lipite, kwa sababu ya neno langu, tena aliwaombea majirani nao watoe yao. Na leteri haina mchezo: mfugaji akikosa bila sababu ya ugonjwa au mauti, nafasi yake anapewa mwingine, na wanaoingoja ni wengi. "Maziwa ya leo tutaona," alisema. "Lakini kesho nitapeleka wapi? Na kesho kutwa? Ngombe haina kitufe ya kuzima."

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nitalipa yote. Kisha nikaongeza jambo la kijinga zaidi: yakiharibika, yamwagwe tu, hasara iwe yangu.

Watu wa ng'ombe waliokuwapo walivuta pumzi pamoja.

"Mama," alisema Papa Bahati (alikuwa ameacha kuniita mwalimu), "kwetu maziwa hatumwangake chini. Ngombe inasikia."

Aliyeyaokoa maziwa yale na jua ni mama wa bibi harusi. Alikuwa ameshafuta machozi yake ya furaha, akabakiwa na akili. Akasema ndoa itachukua bido saba, na kwamba mjomba, kwa kuwa alishatamba kuwa ni zake, atazilipia. Kicheko cha hapo kilikuwa cha kwanza ambacho hakikunihusu, nikamshukuru Mungu. Zilizobaki Mama Riziki akazigawa: nyingine zichemshwe, nyingine zigandishwe ziwe mashanza, yale maziwa mala, na darasa langu lote likabeba masufuria. Tulikunywa mashanza juma zima. Papa Faustin alikuwa anakunywa huku ananitazama juu ya kikombe na kusema, "Hii somo iko na mafuta mengi, Mwalimu."

Lakini nafasi ya Papa Bahati kwenye leteri ilikuwa bado iko hewani, na jioni hiyo nilipowasha simu hatimaye, nikakuta jumbe za sauti za Mama Bahati zimepangana. Ya kwanza: maziwa iko njiani. Ya pili: wamepita bariyeri, kila askari amekunywa kikombe. Ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini: "Mwalimu, wa milima ya nyuma wamesikia sasa. Wanasema kesho nabo bataleta."

Nikaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa kwamba hakuna agizo. Nikampigia Papa Bahati, nikamuomba amwambie mkewe atangaze.

"Hapana," alisema. "Mama Bahati aliita neno yako, haikuwa yake. Vile ilienda na jina yako, njo vile itarudi. Kuja wewe. Utaita kwa sauti."

Jumapili, kabla ya jua, nilipanda kilimani nyuma ya pikipiki ya Papa Faustin (hakutaka kukosa, alisema ni zoezi la vitendo). Umande, eukaliptasi, ng'ombe wakinitazama kama wakaguzi. Mama Bahati, mwanamke mwembamba mwenye koti la mvua, akanipandisha kwenye lile jiwe lake, akanigeuza mabega nielekee ng'ambo.

Nikaita. Sauti yangu ya darasani, ambayo kwenye ukumbi inafika mpaka kiti cha nyuma, iliishia kwa ng'ombe wa tatu.

"Hapana hivyo," alisema Mama Bahati, bila kunicheka, nami nikajua kwamba ananihurumia. "Kunja mikono. Vuta neno. Neno fupi inakufa kwa bonde."

Nikakunja viganja, nikavuta.

"Maziwaaa ya Mwalimu Neemaaa! Musileteee! Ilikuwa ya masomooo!"

Ukungu. Halafu kutoka ng'ambo, sauti ya mwanaume, ndogo na safi:

"Ya niniii?"

"Ya masomooo!"

"Masomo ganiii?"

Papa Faustin alikuwa amekaa kwenye nyasi, ameshika tumbo. Nikavuta pumzi, nikaeleza soko la sarafu za mtandaoni kwa bonde zima, neno moja moja. Orodhaaa. Mbiliii. Ukutaaa. Wa moshiii. Nadhani wale wa ng'ambo walipeana maana kwanza, kisha ile sauti ikarudi:

"Kwa hiyo ulibeeepa?"

"Ndiyooo! Nilibeeepa!"

(Kwetu kubeepa mtu, au kumbipu, ni kumpigia simu na kukata kabla hajapokea, asije akala pesa yako. Somo la saa nzima, mchunga ng'ombe alilifupisha kwa neno moja, kutoka kilima cha pili, kwenye ukungu.)

Kikaanza kicheko. Kilianza hapo ng'ambo, kikapokelewa nyuma yake na zizi lisiloonekana, kikaendelea kupungua na kupungua upande wa magharibi, kama gari linalokwenda Walikale. Mama Bahati alikifuata kwa kidole mpaka mwisho wake. "Imefika," alisema.

Tulipoteremka pamoja na Papa Bahati, aliyefunga bido zake za asubuhi kwenye pikipiki, gari la leteri lilikuwa limesimama kwenye kona, na mwenye leteri, mzee mnene mwenye koti jeupe, alikuwa ameegemea mlango, macho yamelowa kwa kicheko. Nikafungua mdomo nimweleze kwamba kosa si la Papa Bahati. Akainua mkono.

"Nimesikia, mama. Nilikuwa huku chini na nimesikia yote, na mukaguzi wa maziwa amesikia, na mutu ya benzini amesikia." Akamgeukia Papa Bahati. "Mimi sababu ya kukosa nazijua mbili, ugonjwa na mauti. Leo naongeza ya tatu. Bido zako ziko wapi?"

Papa Bahati akaziteremsha. Alipopita mbele yangu na ile ya mwisho, akasema, "Asante, Mwalimu," na lile neno *Mwalimu*, baada ya siku nzima ya kuwa mama tu, lilinitosha.

Darasa bado lipo, karibuni Jumamosi, msiogope, mtaelewa tu. Sarafu nafanya kidogo, na nikiona ukuta mkubwa upande wa wanunuzi nakunja mikono kama Papa Faustin. Lakini nimejiwekea sheria: siandiki popote, kwenye soko la aina yoyote, agizo ambalo likinijia mlangoni siwezi kulipokea kwa mikono miwili. Na juma lililopita nilikuwa na wageni, nikaandika kwenye kundi, kwa adabu, kwamba natafuta lita mbili za maziwa. Hakuna aliyejibu bei. Likaja swali moja tu, kutoka kwenye jiwe la Mama Bahati:

"Ya kunywa, ao chaki imeisha?"